Pembe Isiyopokea Udhuru

Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nilimbonyeza mama mguuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, khanga imepandishwa hadi magotini, nami nikapiga goti sakafuni na kugandamiza kidole gumba kwenye mfupa wa muundi wake. Kisha niliondoa kidole, nikaangalia shimo lililobaki. Shimo likijaa upesi, tulikunywa chai na kusema mambo ya watu. Likichelewa, nilimpa kidonge cha pili cha kutoa maji mwilini, na hakuna aliyetaja lolote.

Asubuhi hiyo lilichelewa.

"Unaangalia kama mtu anayengoja uji upoe," mama alisema.

"Tulia kidogo."

"Mimi nimetulia. Anayehangaika ni wewe."

Ndipo pembe ikalia.

Haikuwa siku ya msaragambo. Kazi ya pamoja ya kijiji ilikuwa kesho yake, na mimi ndiye niliyeipanga, kwa kuwa mimi ndiye mtunza pembe wa Mkundeni. Hata hivyo sauti ilishuka kutoka kwenye mnara wa juu ya shule, ndefu na nzito, sauti ya pembe ya tandala iliyorekodiwa kabla pembe yenyewe haijapasuka. Mama akasimama. Shimo la kidole changu lilikuwa bado mguuni mwake aliposimama.

"Karai langu liko wapi?" aliuliza, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana anayeitwa na wenzake mtoni.

Nilitaka kumwambia akae chini. Nadhani nilitaka. Lakini mimi nami nilikuwa na punje nyuma ya sikio, na nilichofanya ni kufunika chai, kuchukua jembe nyuma ya mlango na kumpa karai lake. Tulikuwa tumeshapita migomba ya uani nilipoona kwamba amevaa ndala moja tu.

"Mama, ndala."

"Tutaikuta," alisema bila kugeuka.

Watu walikuwa wanatoka kila nyumba. Njia ya kwenda kwenye ndiva ni ya mawe na inapanda, lakini hakuna aliyepunguza mwendo. Hayo ndiyo mambo ya punje. Ni kitu kidogo, ukubwa wake ni wa punje ya mahindi, rangi yake ya ngozi, unakibandika nyuma ya sikio na baada ya siku chache unakisahau. Haikuamrishi. Husikii sauti yoyote kichwani. Inaondoa uzito tu, ule uzito unaokaa kati ya kujua kwamba kazi ipo na kuinuka kuifanya. Wataalamu waliutafuta uzito huo ndani ya ubongo na wakakuta mahali unapopimwa, chembe chache zinazouliza juu ya kila jambo: je, kuna haja ya kuinuka? Pembe ikilia, mnara unatuma mawimbi, na punje inazijibu chembe zile kwamba haja ipo. Basi. Yanayobaki unayafanya mwenyewe, tena kwa furaha.

Tulipofika, tope lilikuwa limeanza kutembea kwenye mstari wa watu, karai kwa karai. Ndiva yetu ni bwawa lililochimbwa na mababu kwenye bega la mlima. Kijito kinaijaza usiku, asubuhi tunafungua mlango wa mawe na maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Nikiwa mdogo ilijaa tope mpaka ng'ombe wakawa wanavuka katikati bila kulowa matumbo. Kila mtu alijua dawa yake ni msaragambo. Kila mtu alikuwa na sababu ya kutokwenda. Mashamba yakakauka, watu wakahama, darasa letu likaanza na wanafunzi wengi likamaliza na wachache. Kisha wakaja watu wa mradi na punje, na sasa maji ya ndiva yalifika mpaka kwenye mashamba ambayo bibi zetu waliyataja kama hadithi.

Kwa hiyo sisemi kwamba pembe ilikuwa kitu kibaya. Nilikunywa maji yake.

"Mjomba, umeamkaje?" nilimsalimu Mjomba Kiondo, kaka yake mama, aliyekuwa ndani ya tope hadi mapajani.

"Salama. Pokea karai."

Ungemjua Mjomba Kiondo wa zamani, jibu hilo lingekukosesha usingizi. Mjomba alikuwa mvivu mwenye heshima zake. Zamani, kabla kazi haijaanza, watu walisimama kwenye ukingo wa ndiva, na kila aliyekuja alitoa udhuru wa asiyekuja. Alisema jina, akasema, "Ana udhuru." Wote waliuliza kwa pamoja, "Ana nini?" Yeye akaeleza. Kama wamekubali walisema, "Tumepokea," na jioni wakishuka walipitia kwa huyo mtu na kuni au ndoo ya maji. Kama hawakukubali walimcheka, na mbuzi wake mmoja aliliwa siku ya sikukuu. Mjomba alikuwa akitoa udhuru wake mwenyewe, akiwa amesimama pale pale, jambo ambalo hakuna mwingine aliyethubutu. Siku moja mbuzi wake anazaa. Wiki iliyofuata anazaa tena. "Ana nini huyo mbuzi?" watu waliuliza, naye akajibu, "Ana mume asiyeelewa." Walicheka mpaka kazi ikachelewa.

Tangu pembe mpya ije, hakuna aliyetoa udhuru. Hatukukatazana. Wote tunakuja, sasa ungeutoa kwa ajili ya nani? Tuliuacha kama unavyoacha mwavuli siku isiyo na mvua, na tulijisifu kwamba tumeacha uvivu.

Nilimkalisha mama kwenye jiwe. Akakaa kidogo, akipumua kwa mdomo. Nilipogeuka kupokea karai lingine alikuwa ameshaingia kwenye mstari, amejifunga khanga kiunoni, midomo yake ina rangi ya zambarau, anatabasamu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa ni Daktari Tumsifu Mrutu, mkuu wa mradi, akipiga kutoka mjini Same.

"Nanzia, samahani, nimewashtua. Nilikuwa najaribu kama naweza kuipiga pembe nikiwa huku ukumbini. Wametoka?"

Nilitazama mstari wa watu. "Wametoka wote."

"Wote?"

"Wote, Daktari."

Alicheka kwa raha ya mtu aliyefanya kazi kwa muda mrefu bila kuaminiwa. "Basi kesho kanda nzima itaona. Wewe njoo mapema. Na usiogope."

*

Alasiri mama alinisuka nywele kwa ajili ya safari. Nilikaa chini, kati ya magoti yake, na nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka juu ya kichwa changu kama ya mtu anayepanda ngazi.

Kesho yake lilikuwa Kongamano la Kanda la Kuhamasisha Vitendo kwa Uendelevu wa Jamii. Wajumbe wangetoka wilaya zote. Daktari Tumsifu alitaka mtu wa kijijini asimame na kueleza, si mtaalamu, na wazee wa Mkundeni walinichagua mimi kwa sababu nimesoma chuo. Hawakujua kwamba chuoni nilimwomba mwenzangu awasilishe mradi wangu wa mwisho, mimi nikabaki nyuma nabadilisha picha kwenye kompyuta. Nikisimama mbele ya watu, koo langu hufunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Baada ya hotuba yangu, Daktari angepiga pembe kutoka jukwaani. Mafundi walikuwa wameshaweka kamera, kipaza sauti na spika kwenye ukingo wa ndiva ili ukumbi uone kijiji kikiinuka, na kijiji kisikie makofi. Kisha wajumbe wangepiga kura. Azimio likipita, minara ingejengwa katika kila kata ya kanda.

"Mama," nilisema. "Kesho pembe ikilia..."

"Ikilia nitakwenda. Watu wa wilaya zote wanaangalia, unataka wanikute nimelala?"

"Daktari wa hospitali alisema upumzike."

"Daktari wa hospitali hanijui." Alivuta msuko, nikafumba macho. "Inamisha kichwa."

Nikainamisha. Baba alipofariki, mama alilala akaelekea ukutani. Alilala hivyo msimu mzima wa masika na mwingine wa vuli. Nilimlisha kwa kijiko, nikiingiza mkono kati ya uso wake na ukuta. Punje zilipokuja, mimi ndiye niliyemgeuza kichwa na kumbandikia. Pembe ya kwanza ilipolia aliinuka, akaniuliza kwa nini nyumba ni chafu hivi, nami nikalia jikoni peke yangu kwa shukrani.

Moyo wake ulipoanza kuchoka nilimwambia aivue. "Nikiwa nayo," alisema, "baba yako alikufa zamani. Nikiivua, amekufa leo asubuhi."

Ningeweza kumtolea akiwa usingizini. Niliwahi kuinua mkono. Nikajiuliza, nikishaitoa nitamfanya nini yule atakayeamka? Mkono ukarudi wenyewe.

"Kesho pembe ikilia nini?" mama aliuliza.

Vidole vyake vilikuwa vimesimama kichwani mwangu vikingoja.

"Basi tu."

"Wewe na basi tu zako. Ulizaliwa nayo hiyo. Mkunga alikuuliza mbona hulii, ukamwambia basi tu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nami nikangoja, kichwa kimeinama, mpaka kikohozi kilipokwisha.

Nilimfuata Mjomba Kiondo shambani kwake. Nilimkuta akipalilia mistari iliyokwisha kupaliliwa. Nilimwomba kesho amwangalie mama.

"Nitamwangalia tukiwa kazini," alisema.

"Namaanisha, Mjomba, kama akichoka."

Alinitazama kama niliyetamka neno la lugha ya mbali, analolijua lakini halikumbuki vizuri. "Achoke na nini?" akasema, akarudi kwenye jembe.

*

Ukumbi wa Same ulikuwa na feni kubwa zilizozunguka polepole na kitambaa cha kijani kilichoandikwa MANENO YAMETOSHA. Mlangoni kila mjumbe alipewa mfuko wenye kalamu, chupa ya maji na punje moja ndani ya karatasi. Anayependa abandike, walisema. Wengi walibandika pale pale mlangoni, wakisaidiana kama watu wanaofungana vishikizo vya mgongoni.

Mwenyekiti alikuwa Bi Nendiwe Kallaghe, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye aliirudisha yake kwenye mfuko. "Sikio langu hili lina kifaa cha kusikia," alisema. "Vitu viwili vitagombana." Kisha akafungua kongamano.

"Mimi nimekaa kwenye makongamano haya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Kila mwaka tunakunywa maji ya chupa tukizungumzia chemchemi. Tunapitisha azimio la kupanda miti, tunapiga picha na mche mmoja, mche unakufa kwa kiu tukiwa njiani kurudi nyumbani. Tatizo letu halijawahi kuwa kutojua. Leo nataka mtu anionyeshe miguu inayotembea."

Walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisugua viganja kwenye gauni. Nilikwenda msalani, nikarudi, nikataka kwenda tena. Nilitazama simu. Nilikuwa nimeiacha wazi kwenye ukurasa wa mtunza pembe, wenye kitufe kimoja chekundu cha kunyamazisha, kana kwamba kuutazama kungenisaidia.

Daktari Tumsifu alinijia na kikombe cha chai. Ni mtu mpole. Ana tabia ya kuegemeza kichwa upande mmoja anapokusikiliza, na husikiliza kweli.

"Bado unaogopa," alisema.

"Samahani."

"Usiombe samahani. Nimehamisha punje yako, sasa inapokea mawimbi ya hapa ukumbini. Nikiongeza kidogo utaona ni rahisi. Unakubali?"

"Daktari, naomba kuuliza. Kama mtu ni mgonjwa, lakini anataka kwenda?"

Aliegemeza kichwa. "Bibi yangu aliteleza kwenye korongo akichota maji, Nanzia. Wanaume wa kijiji walijua njia ile ni mbovu. Walikuwa wamekubaliana kuitengeneza. Walikubaliana vizuri sana, kwa kauli moja, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze." Akanipa kile kikombe. "Nikiweka kwenye mizani watu watakaochoka na watu watakaokufa kwa kungojana, najua upande gani ni mzito. Lakini mtu akiwa mgonjwa atasema. Si atasema?"

Nilifungua mdomo. Kutoka jukwaani jina langu likaitwa, na Daktari akagusa simu yake.

Sijui nielezeje. Ni kama mtu aliyekuwa amekukalia kifuani tangu utotoni ameinuka na kwenda zake. Nilitembea mpaka kwenye kipaza sauti, nikaona nyuso zile zote, nikazipenda. Nilisema juu ya tope na ng'ombe waliovuka katikati ya ndiva. Nilisema juu ya darasa letu. Niliwachekesha kwa mbuzi wa Mjomba Kiondo. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Sikuwahi kujua kwamba nina sauti nzuri.

Mwanamke mmoja kutoka tambarare, mfuga nyuki kwa alivyojitambulisha, alinyoosha mkono. "Na asiyetaka je?"

Daktari alijibu akiwa pembeni yangu. "Anaivua. Hakuna kosa wala faini. Nanzia, Mkundeni ni nyumba ngapi zimevua?"

"Hakuna hata moja," nilisema, kwa furaha, na ilikuwa kweli.

"Basi tuwaone," akasema Bi Kallaghe.

Skrini ikawaka nyuma yangu. Ndiva ilikuwa tupu, maji yamefunguliwa asubuhi, tope lake linang'aa. Daktari akagusa simu. Kutoka mbali, kupitia spika za ukumbi, pembe ya tandala ikalia. Njia ya mawe ikajaa watu.

Wajumbe walisimama. Wengine walikuwa wanalia. Nawaelewa, kwa sababu walikuwa wanatazama kitu walichokiombea maisha yao yote, kijiji kizima kikipanda njiani bila polisi na bila posho. Mjomba Kiondo alikuwa mbele, ameshaingia kwenye tope. Karai la kwanza likapita. La pili likapita.

Kisha kamera ikamchukua mama.

Alikuwa wa mwisho njiani. Alivaa gauni lake la kanisani, kwa ajili ya kamera. Alitembea hatua chache, akasimama, akaweka mkono kifuani. Akakaa kwenye jiwe. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nikaona anatabasamu, anakusanya gauni, anainuka tena, anapokea karai lililojaa, na karai linamvuta chini, naye analishikilia.

"Mwoneni mama yule," mtu mmoja alisema ukumbini. "Huo ndio moyo."

Makofi yakalipuka, na nilisikia mengine karibu sana na masikio yangu. Nikatazama chini. Ilikuwa mikono yangu. Nilikuwa ninampigia mama yangu makofi.

Niliipeleka mikono hiyo nyuma ya sikio na kuibandua punje. Ngozi iliuma. Uzito ukarudi wote mara moja, magotini, kifuani, kwenye ulimi. Nyuso zikawa nyingi tena.

"Nanzia?" Daktari alinong'ona. "Imedondoka? Rudisha tu, uko vizuri."

Simu ilikuwa mkononi mwangu na kitufe chekundu kilikuwa chini ya kidole gumba. Ningebonyeza, pembe ingenyamaza, na watu wale wote wangesimama katikati ya tope bila kujua kwa nini. Mama angekaa. Angekaa kwa sababu nimebonyeza, kama alivyoinuka siku ile kwa sababu nilibandika. Kidole kilikaa pale. Kilikuwa kidole kile kile cha kila asubuhi.

"Mjumbe wa Mkundeni," Bi Kallaghe alisema, "umemaliza? Tupige kura?"

Nilitikisa kichwa. Nikaweka simu mezani, mbali kidogo. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na hata hivyo kiligonga meno yangu.

"Wananisikia?" niliuliza. Sauti ilitoka ndogo, mbaya, ile ninayoijua. "Kule. Wananisikia?"

"Wanakusikia," fundi alijibu kutoka nyuma.

Ukumbi ulikuwa bado umesimama, makofi yanapungua moja moja. Daktari Tumsifu alinitazama, kichwa kimeegemea upande, na nadhani alianza kuelewa, kwa sababu hakunisogelea.

"Nakiete Mchome," nilisema. "Mama yangu. Ana udhuru."

Wajumbe walitazamana. Kwenye skrini makarai yaliendelea kupita, tope liliendelea kutembea, na nilidhani kwamba neno lile limekwisha kufa huku na kule pia. Nikalirudia, kwa sababu sikuwa na lingine.

"Nakiete Mchome ana udhuru."

Mjomba Kiondo alisimama. Karai lilikuwa mikononi mwake na mtu wa nyuma yake alikuwa anamsukuma kwa lingine. Pembe ilikuwa inalia bado. Nilimwona akikunja uso, kama mtu anayesikia wimbo aliouimba akiwa mtoto na anatafuta unapoanzia. Midomo yake ilicheza kwanza. Kisha, taratibu, kwa sauti iliyokwaruza kwenye spika zote za ukumbi, akauliza kama inavyopasa kuulizwa.

"Ana nini?"

Mtu mwingine akaitikia nyuma yake, mwanamke, kwa mazoea tu. "Ana nini?" Na wengine wawili, watatu. Mstari ukayumba. Mama aligeuka kuitazama kamera, karai tumboni, kama aliyeitwa na mtu asiyemwona.

"Moyo wake umechoka," nilisema. "Umejaa maji. Kila asubuhi namwangalia miguu na hakuna anayejua, kwa sababu hatuulizani tena. Hakusema. Hataweza kusema, Daktari, uwezo huo ndio unaouondoa."

Niligeukia skrini.

"Mama. Jana uliniuliza pembe ikilia nini, nikakwambia basi tu. Nilitaka kusema usiende. Weka karai chini. Tope likijaa lijae, tutalitoa polepole na wenye nguvu, na kama haliwezi kutoka bila wewe kufa, libaki humo. Ukiivua, baba atakufa leo asubuhi, najua. Hata kwangu atakufa. Geukia ukuta, nitalala nyuma yako. Sikutaki kwa sababu unaweza kubeba kitu. Nakutaka na uzito wako."